Tumbako: kujua peke haikutosha

Sisi wa agronomi tulifundishwa kama nikotini ni silaha ya mmea. Tumbako inaitengeneza kwenye mizizi, inaipandisha kwenye majani, na mdudu mwenye kuyakula anapata sumu. Zamani wakulima waliitumia nikotini kama dawa ya kuua wadudu. Hiyo yote nilijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini mbele ya kuingia kwenye mtihani ule ule, nilikuwa nimevuta sigara mbili.

Ni juu ya hiyo historia hii inanigusa.

Mwaka 1950, kule Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill walitangaza kama kansa ya mapafu inafuatana na sigara. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Akaacha. Mwaka 1951 wakaandikia madaktari wa nchi ile, na zaidi ya wanaume 34,000 wakafuatiliwa kwa miaka 50. Matokeo ya 2004 yalionyesha kama wenye waliendelea kuvuta walikufa karibu miaka 10 mbele ya wenye hawakuvuta. Mwenye aliacha akiwa na miaka 50 aliokoa karibu miaka 6. Mwenye aliacha kwa miaka 30 aliokoa karibu yote 10. Wengi wetu hapa hatujafika 30. Muhesabu wenyewe.

Madaktari wengi waliacha mapema. Raia wengi waliendelea, hata habari ilikuwa kwenye magazeti. Basi mwaka 1962 chuo cha madaktari cha London kikaomba serikali ipandishe kodi ya sigara, ipunguze matangazo, na izuie kuvuta mahali pa watu wengi. Matangazo ya sigara yalitoka kwenye televisheni mwaka 1965. Kule Sweden, Ove Fernö akatengeneza shikleti ya nikotini: mtu anatuliza hamu bila moshi, kisha anapunguza pole pole.

Njia hizo zote ziko leo ndani ya mkataba wa OMS wa 2003, wenye Kongo yetu iliingia mwaka 2005. Mkataba unasema pia nchi zijikaze kuzuia sigara ya kuuzwa moja moja. Lakini kwenye kartie yetu, moja moja njo biashara yenyewe, na mwanafunzi mwenye hana pesa ya paketi anaanzia pale.

Miye nilishindwa mara mbili. Mara ya tatu nilichagua siku, nikaambia wenzangu wa chumba, nikabadilisha njia ili nisipite kwa muuzaji. Mmoja wao alikuwa ananiuliza kila mangaribi: « Leo je? » Swali ile ilinisaidia kupita silabusi.

Kwa hiyo, kama mwenzako anasema anaacha, usimucheke, usimupe « moja ya mwisho ». Umuulize tu: leo je?