Tasnifu iliyokuja baada ya kazi: Roy Fielding na kuzaliwa kwa REST

Kama umewahi kuunganisha duka la mtandaoni na M-Pesa, bila shaka nyaraka zilikuambia kwamba unatumia REST API. Watengenezaji wa programu Dar, Nairobi na Kampala wanalitamka neno hilo kila siku, na kwenye matangazo ya ajira halikosekani. Lakini waulize lilitoka wapi, wengi watakuambia ni teknolojia ya kampuni fulani kubwa. Siyo. Lilitoka kwenye sura ya tano ya tasnifu ya uzamivu, iliyokamilika mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Aliyeiandika alikuwa na tatizo ambalo wanafunzi wa teknolojia ya programu tunalijua vizuri mno: nimetengeneza kitu, kinafanya kazi, sasa utafiti uko wapi?

Roy Fielding alikuwa pale Irvine tangu shahada ya kwanza, na mwaka 1993 alipata ya uzamili. Huo ndio wakati wavuti ilipoanza kuchangamka. Mwaka uliofuata aliwasilisha Geneva, kwenye mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wavuti, programu aliyoiita MOMspider. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye kurasa ikitafuta viungo vilivyokufa. Ni chombo kidogo tu, cha kumsaidia mtu mwenye tovuti. Ila mtu anayeandika programu ya kuzunguka wavuti nzima anakutana na seva za kila aina, na anaona kwa macho yake jinsi kila mmoja alivyoielewa itifaki ya HTTP kwa namna yake.

Na hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya. HTTP ilikuwa inatumika kabla haijaandikwa vizuri kama kiwango. Kila wiki mtu analeta pendekezo: tuongeze hiki, tubadilishe kile. Fielding akajikuta miongoni mwa waandishi wa kiwango chenyewe. HTTP/1.0 ilichapishwa Mei 1996 ikiwa na jina lake pamoja na la Tim Berners-Lee na Henrik Frystyk. HTTP/1.1 ikafuata Januari 1997, kisha toleo lake lililosahihishwa Juni 1999. Wakati huohuo alikuwa mmoja wa wanane walioanzisha kundi la Apache mwaka 1995, na kufikia Aprili 1996 seva yao ndiyo iliyokuwa ikitumika kuliko zote duniani. Haya yote akiwa bado mwanafunzi! Ukimwuliza msimamizi yeyote leo, atakuambia mwanafunzi wa namna hii hamalizi.

Sasa fikiria uko kwenye kikao, pendekezo jipya limewekwa mezani, na wewe unahisi litaharibu wavuti. Unahisi tu. Utawaambiaje watu? "Silipendi" si hoja. Fielding alihitaji kielelezo cha wavuti kichwani, kinachosema inapaswa kufanya kazi vipi, ili kila pendekezo lipimwe humo. Toleo la kwanza la kielelezo hicho alilitengeneza kati ya Oktoba 1994 na Agosti 1995, na wakati huo halikuitwa REST. Aliliita kielelezo cha vitu cha HTTP. Kwa miaka mitano iliyofuata aliendelea kulirekebisha, huku akilitumia kwenye kazi halisi ya viwango.

Hiki kilikuwa chombo cha kazi, bado hakijawa tasnifu. Kilichokigeuza kuwa utafiti kilitoka upande mwingine. Mwaka 1992 Dewayne Perry na Alexander Wolf walikuwa wamechapisha makala iliyosema usanifu wa programu unastahili kuwa somo lenye misingi yake, kama ulivyo usanifu wa majengo. Msimamizi wa Fielding, Richard Taylor, alikuwa mtafiti wa eneo hilohilo. Kwa hiyo Irvine ilikuwa na lugha ya kuzungumzia "mtindo" wa usanifu: mtindo ni seti ya masharti unayoyakubali, na kila sharti lina faida yake na gharama yake.

Fielding akaichukua lugha hiyo akaipeleka kwenye wavuti. Sura tatu za mwanzo hazisemi lolote kuhusu REST. Zinafafanua maneno, kisha zinapima mitindo mingine ya programu za mtandao, mmoja baada ya mwingine. Sura ya nne inaeleza wavuti ilihitaji nini. Ndipo anaanza na mfumo usio na sharti lolote na kuongeza moja moja. Kwanza mteja atengane na seva. Kisha seva isitunze kumbukumbu ya mazungumzo. Kisha majibu yaweze kuhifadhiwa kwenye kache, viungo vyote vitumie kiolesura kimoja, na mfumo upangwe kwa tabaka. La sita, seva kumtumia mteja msimbo auendeshe mwenyewe, ni la hiari.

Hilo la pili ndilo linalowashinda wengi, kwa hiyo tulikalie kidogo. Fikiria benki ambako kila ukienda dirishani unabeba karatasi zako zote. Inachosha, kweli. Lakini karani yeyote anaweza kukuhudumia, na yule wa jana akiugua hakuna kinachokwama. Seva isiyokumbuka mazungumzo iko hivyohivyo: ombi linakuja na kila kitu kinachohitajika, na unaweza kuongeza seva kumi bila ya moja kuuliza nyingine "huyu mliishia wapi?". Gharama ni data inayorudiwarudiwa kwenye kila ombi, na tasnifu inaitaja gharama hiyo bila kuificha.

Binafsi naona sura ya sita ndiyo bora kuliko hiyo ya tano maarufu. Humo anakipima kielelezo chake kwa yaliyotokea kweli. Hapo zamani ombi la HTTP halikubeba jina la tovuti, hivyo kila tovuti ilihitaji anwani yake ya IP, HTTP/1.1 ikalazimisha jina litajwe, na seva moja ikaweza kubeba tovuti nyingi. Halafu anavigeukia vidakuzi na kusema wazi kwamba vinavunja masharti ya mtindo huu. Vilikuwa vimeshaenea kila mahali, lakini kielelezo kilimpa sababu ya kuvipinga ambayo mtu mwingine angeweza kuikagua. Jopo likiuliza "mchango wako ni upi?", jibu liko hapo: seva ya Apache ingeandikwa hata bila tasnifu, ila hukumu hii juu ya vidakuzi isingewezekana kuitetea.

Kwa sisi tunaopanga tasnifu, tazama mpangilio wa muda. Pendekezo letu la kawaida husema: nitatengeneza mfumo wa kitu fulani, miezi sita, kisha nitawapa watu dodoso. Kwake mfumo ulishakuwepo na mamilioni walikuwa wanautumia. Alichopanga kukiandika ni sababu za mfumo kuwa vile ulivyo, na ni nini kingeharibika kama sharti moja lingeondolewa.

Baada ya mwaka 2000 jina lilimtoroka. Watu walianza kuita REST kitu chochote kinachotuma data kwa HTTP, na mwaka 2008 Fielding aliandika kwa hasira kidogo kwamba API isiyoongozwa na viungo ndani ya majibu yenyewe haistahili jina hilo. Kwa kipimo chake, sehemu kubwa ya "REST" tunazounganisha leo si REST. Tasnifu yenyewe iko wazi mtandaoni, bure, na sura ya tano inasomeka kwa jioni moja.