Sababu ya Kifo na Namna ya Kifo

Aghalabu msomaji wa magazeti yetu akikuta habari ya mahabusu aliyefia korokoroni huelezwa kwamba tabibu ameitwa kubainisha sababu ya kifo, na kwa kuwa neno sababu katika Kiswahili ni pana mno, likikusanya lile lililomwua mtu, aliyelitenda na hata nia aliyokuwa nayo, hudhani kwamba tabibu huyo akishaweka kisu chini atakuwa na jawabu la yote matatu. Waama sivyo, na asiyeutambua mpaka huu hataelewa ni msaada gani hasa wataalamu wa maiti huupa mahakama katika kadhia za vifo vya kizuizini.

Sababu ya kifo, kwa istilahi ya patholojia ya mahakama, ni jeraha au maradhi yaliyoanzisha mfuatano wa madhara hata uhai ukakatika: kupasuka fuvu, kukabwa shingo, homa ya mapafu. Namna ya kifo ni mazingira yaliyolileta jeraha hilo, nayo kwa desturi hugawanywa kuwa maradhi, ajali, kujiua, au kuuawa kwa mkono wa mtu, na ushahidi usipotosheleza huandikwa kwamba haikujulikana. Fuvu la mtu aliyeanguka kutoka ghorofani hupasuka vivyo hivyo, awe amejirusha, ameteleza au amesukumwa. Wapo wapendao kusema hali ya kifo. Kwangu mimi hali ni neno la kumwulizia mgonjwa angali hai, ilhali namna huuliza lile hasa linalotakiwa, yaani mauti haya yalimfikaje.

Huko Marekani mchunguzi wa vifo huijaza namna mwenyewe katika hati ya kifo, lakini katika mahakama zetu zilizorithi sheria ya Kiingereza tabibu huandika sababu, na namna huwa juu ya hakimu anayeendesha uchunguzi wa kifo. Basi tabibu husaidia kwa njia nyingine: huchukua maelezo ya waliokuwa na funguo za selo, ambao mara nyingi ndio mashahidi pekee walio hai, akayalinganisha na mwili, kisha akaieleza mahakama yanaafikiana au hayaafikiani.

Kwa mfano ulio wazi kabisa, tutazame habari ya Ahmed Timol, mwalimu wa Afrika ya Kusini aliyekamatwa Oktoba 1971 na kufa siku chache baadaye, tarehe 27, kwa kuanguka kutoka ghorofa ya kumi ya kituo cha polisi cha John Vorster Square, Johannesburg. Polisi walisema alijirusha dirishani. Familia yake ilimpeleka tabibu wao, Jonathan Gluckman, ahudhurie upasuaji, naye akashuhudia kwamba mwilini mlikuwa na majeraha yaliyotangulia kuanguka kwa marehemu. Lakini hakimu, mwaka 1972, aliona kwamba alijiua na kwamba hapana wa kulaumiwa. Mwaka 2017 jalada lilifunguliwa upya mbele ya Jaji Billy Mothle. Maiti ilikuwa imekwisha kaa kaburini takriban miaka 46, ila taarifa ya upasuaji ilikuwapo, na wataalamu wawili, Shakeera Holland na Steve Naidoo, waliisoma kwa elimu ya leo wakaeleza kuwa baadhi ya majeraha, la fuvu likiwamo, hayakutokana na anguko lile, na kwamba mwenye majeraha kama hayo hangeweza kulipanda dirisha kwa nguvu zake. Jaji akatamka kwamba Timol alisukumwa, kutoka dirishani au juu ya paa, na kwamba yale yalikuwa mauaji. Marehemu alikuwa ni yule yule na anguko ni lile lile. Iliyogeuka ni namna.

Jinsi jeraha linavyoweza kujulikana kuwa ni la kabla au la baada, hapo ndipo ufundi ulipo. Katika ngozi nyeusi damu iliyovilia haionekani upesi kwa macho, kwa hiyo tabibu mwangalifu hatosheki kuutazama mgongo, matako na nyayo, bali hupasua ngozi kwa mikato mirefu na kuifunua tabaka baada ya tabaka, kwani palipopigwa fimbo panaweza kuonekana pazima ilhali mafuta na nyama za chini zimejaa damu. Kipande hukatwa kikatazamwa kwa hadubini: zikionekana chembe nyeupe za damu zimekusanyika, hujulikana kwamba marehemu aliishi saa kadhaa baada ya pigo, na ikiwa madini ya chuma ya ile damu yamekwisha kugeuka rangi ya hudhurungi ndani ya chembe, zimepita siku mbili tatu au zaidi. Shingo huachwa mwisho, damu ya kichwani na kifuani ikishachuruzika, maana mishipa iliyojaa ikikatwa mapema humwaga damu katika misuli na kuleta sura ya mtu aliyekabwa, naye wakili hodari hatakosa kuuliza habari hiyo. Wanaomwita mtaalamu huyu mpasua maiti, kama ilivyo mitaani, wamekitaja kisu peke yake. Nguo, picha za chumba na maelezo ya askari humshughulisha pengine kuliko kisu.

Mwezi wa Juni 2025 kazi hii ya kulinganisha maelezo ya polisi na mwili ilihitajika Nairobi. Albert Ojwang, mwalimu naye, alifia mikononi mwa polisi, na kauli ya kwanza ilikuwa kwamba aligonga kichwa chake ukutani. Jopo la wanapatholojia likiongozwa na Bernard Midia lilikuta jeraha la kichwa, shingo iliyobanwa na majeraha mengi ya nyama. Mtu ajigongaye ukutani, alieleza tabibu, huwa na alama za mpango maalumu. Hapa damu ilikuwa imetapakaa usoni, pande za kichwa na nyuma yake.

Limebaki neno kuuawa, ambalo lina hatari yake. Katika lugha ya matabibu maana yake ni kufa kwa kitendo cha mtu mwingine, basi, pasipo kuhukumu kama kitendo kile ni jinai. Ndiyo maana sipendelei kuandika mauaji katika taarifa ya upasuaji, kwa kuwa neno hilo masikioni petu limekwisha kumtia mtu hatiani. Andrew Baker, mchunguzi wa vifo wa Minneapolis, aliandika mwaka 2020 kwamba George Floyd aliuawa kwa maana hiyo ya kitabibu. Hatia ya askari aliyemkandamiza ilitamkwa na raia kumi na wawili wa baraza la mahakama, tarehe 20 Aprili 2021, baada ya kumsikiliza Baker na matabibu wengine.