Mashine ya sumaku na bangi: inasaidia kweli?

Salamabila, kwenye machimbo ya zahabu ya upande wa Namoya, kuna wachimbaji wanaosema bila bangi hawashuki shimoni. Wengine wamejaribu kuacha na wakashindwa, na wazazi wako tayari kulipa yeyote anayeahidi dawa. Ndiyo maana habari ya mashine inayotibu ubongo kwa sumaku inafaa kuelezwa vizuri.

Ilitengenezwa mwaka 1985 na Anthony Barker na wenzake, Sheffield, Uingereza. Mgonjwa anakaa kwenye kiti, macho wazi, bila sindano ya usingizi. Wanamwekea juu ya kichwa nyaya zilizoviringwa. Umeme ukipita humo kwa mipigo mifupi, unazaa nguvu ya sumaku inayopenya mfupa na kuamsha sehemu ndogo ya ubongo. Kwa uraibu, wanalenga mbele upande wa kushoto, pale panaposaidia mtu kujizuia. Sumaku ya spika ya redio haifanyi kazi hiyo, hata ukiifunga kichwani mwaka mzima.

Marekani iliruhusu mashine hiyo kwa ugonjwa wa huzuni mwaka 2008, na kwa kuacha sigara mwaka 2020. Kwa bangi, bado. Jaribio moja la huko lilichukua watu 72, kila mmoja vikao 20. Nusu waliwekewa mashine ya uongo bila kujua. Hamu ya kuvuta haikutofautiana, ila baadaye, katika majuma mawili ya mwisho ya kuwafuatilia, waliopata sumaku ya kweli walivuta siku chache kuliko wenzao. Tofauti haikufika siku moja kwa juma. Na wote walipewa pia vikao vya mazungumzo na mshauri.

Mashine hiyo haimfai kila mtu. Inaweza kuleta kifafa, na mwenye chuma kichwani, hata kipande cha risasi, haruhusiwi. Huku kwetu hilo si jambo dogo.

Mazungumzo hayaombi umeme. Familia ijue kwamba anayeacha bangi anakosa usingizi, anakasirika ovyo na hapendi kula. Juma la kwanza ndilo kali, kiisha inapungua pole pole. Si uchawi, wala hafai kufungwa kamba. Akianza kusikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, apelekwe haraka kwa waganga wa santa ya afya. Mbali zaidi kuna SOSAME ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma, zinazotibu magonjwa ya akili.