Kazi za Kipupwe katika Nchi ya Wasukuma



Mgeni apitaye Shinyanga mwezi wa Julai huona mashamba matupu na vumbi likipeperushwa na upepo wa baridi, akadhani wakulima wamepumzika. Sisi tuliolelewa katika kaya za huko twajua sivyo.

Alfajiri akina mama hushika njia ya mtoni, na mto wenyewe hauna maji. Katika mito kama Manonga hufukua mchanga, wakangoja maji yachuruzike, wakayateka kwa kata. Baadaye mtama hupurwa, hupetwa na kutiwa katika vihenge. Viazi vitamu hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani, navyo ndivyo michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, huitwa matobolwa. Chakula hicho hukaa miezi mingi, na hata mtoto aliyeshiba hakatai matobolwa kwa karanga. Wanaume huezeka nyumba. Watoto huokota mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia moto, kwani kuni ni haba.

Hapo kale kiangazi kilikuwa pia wakati wa safari. Watu walikwenda hata Ziwa Eyasi kuleta chumvi, na majembe yalitoka kwa Warongo, wafua chuma wa Uzinza, upande ambao leo ni Geita.

Lakini kazi iliyo kubwa kuliko zote ni ya ng'ombe. Wazee wetu walikuwa na desturi ya ngitili: mvua zianzapo, sehemu ya malisho hufungwa, mifugo isiingie, majani yakue na miti ichipue. Kiangazi kikikaza hufunguliwa kidogo kidogo, wakatangulia ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe wadhaifu. Hapakuwa na haja ya ua wa miti. Mpaka ulijulikana, na aliyeuvunja alitozwa faini na wazee.

Desturi hiyo ilikaribia kufa. Katika miaka ya 1920 Serikali iliwaongoza watu kufyeka misitu ya Shinyanga ili kumfukuza mbung'o, mdudu aletaye nagana. Kazi ile ilifanywa wakati wa kiangazi kwa mikono ya maelfu, nayo ilifaa kweli, maana ng'ombe walipata nchi mpya. Lakini miti ilikwenda pamoja na mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakapanuka. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, wakaziacha ngitili zao mbali, zisiwe na mlinzi. Ulipoanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Maofisa walijaribu miche ya kupandwa. Wakulima wakasema afadhali kuifunga ardhi kama zamani, mizizi iliyo chini iote yenyewe. Wakasikilizwa, na baada ya miaka isiyopata 20 ngitili zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Twaona wakulima walistahili kuulizwa mapema zaidi.

Sasa kuna jambo jingine. Mavuno yakiisha, vijana wengi huelekea Geita kuchimba dhahabu, wala hatuwalaumu, maana fedha ya pamba huchelewa. Hata hivyo mabua yao hubaki shambani na paa huvuja. Tumeziona kaya ambamo mwezi wa Agosti anayeifungua ngitili ni bibi mzee, na anayewazuia ng'ombe wakubwa wasiwapokonye ndama malisho ni mjukuu wake, angali amevaa sare ya shule.