Moderator si mdhibiti: hoja ya kumwita mtia kiasi

Orodha za istilahi za mawasiliano zinazopita mikononi mwa walimu, wafasiri na wahariri hulipatia neno la Kiingereza moderator fasiri moja kavu: mdhibiti. Nyingine husema msimamizi. Hakuna sentensi ya mfano wala maelezo ya kazi yenyewe. Mfasiri analichukua neno lilivyo, na Mtanzania au Mkenya aliyeko Doha, Muscat au Minneapolis anajiunga na kundi la WhatsApp la wenzake na kusoma kwamba humo yumo "mdhibiti" atakayeangalia mwenendo wa wanachama. Istilahi hiyo ni kosa, na kosa lenyewe si dogo, kwa kuwa linabadilisha kazi ya mtu kabla hajaianza.

Kudhibiti kumetoka katika Kiarabu, kwenye kitenzi chenye maana ya kushika barabara, kisiponyoke kitu. Mzizi huohuo umewapa Waarabu dabit, yaani ofisa wa jeshi au wa polisi. Kiswahili hakikuipoteza sauti hiyo ya amri. Tunadhibiti magendo, wizi, kipindupindu na mfumuko wa bei. Tunadhibiti yale tusiyotaka yasambae. Tanzania ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na cheo hicho kimekaa mahali pake, maana fedha za umma zinahitaji mkono unaobana. Mazungumzo ya watu wazima walioko mbali na kwao si magendo.

Msimamizi ana tatizo jingine: amechoka. Yupo msimamizi wa uchaguzi, wa mtihani, wa ujenzi na wa mirathi, na bwana harusi naye ana msimamizi wake. Neno lililobeba mizigo yote hiyo haliwezi kumweleza msomaji ni kipi hasa anachokifanya mtu huyu katika mazungumzo. Waandishi wa Wikipedia ya Kiswahili walijaribu njia ya tatu wakawaita wasimamizi wao wakabidhi. Ni neno lenye heshima, lakini kwa Mtanzania linamwita mara moja Kabidhi Wasii Mkuu, ofisa wa serikali anayeshughulikia wosia, udhamini na mali za marehemu. Mjadala ulio hai haukabidhiwi kwa mtu kama shamba la urithi.

Turudi kwenye chimbuko, ambako wapangaji wa orodha hizo hawakufika. Kilatini kina modus, yaani kipimo. Kutoka hapo kikapatikana kitenzi moderari, kukiweka kitu ndani ya kipimo chake, na moderator akawa mwenye kazi hiyo. Cicero alilitumia neno hilo kwa kiongozi anayeiongoza dola. Karne nyingi baadaye Wapresbiteri wa Scotland, waliokataa kuwa na maaskofu, walimwita Moderator yule anayeongoza mkutano wao mkuu, na Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki lingali linamwita hivyo. Cheo kilichaguliwa makusudi: mtu huyu anakalia kiti na kulinda utaratibu wa kikao, lakini kikao si mali yake.

Ushahidi mkubwa zaidi uko kwenye fizikia. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, Enrico Fermi na wenzake waliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia kilichotengenezwa na binadamu. Kilikuwa rundo la urani lililopangwa ndani ya matofali ya grafiti yapatayo 45,000. Grafiti ndiyo iliyoitwa moderator. Kazi yake ni kupunguza kasi ya nyutroni ili ziweze kuipasua urani na mnyororo uendelee. Kusimamisha ni kazi ya kitu kingine kabisa, fito zenye kadimi, ambazo huzimeza nyutroni. Ukizisukuma ndani, kinu kinazimika. Ukiiondoa grafiti, kinu hakiwaki kamwe. Hivyo fito za kadimi ndizo zenye haki ya kuitwa vidhibiti, na anayemwita moderator mdhibiti ameipa grafiti jina la kadimi. Mwanafunzi wa kidato cha sita akifanya hivyo kwenye mtihani, hapati alama. Jopo la istilahi likifanya hivyo, huchapiwa kitabu.

Kiswahili kinalo neno la modus, tena linalotumika kila siku: kiasi. Tunakula kwa kiasi. Tunamsifu mtu wa kiasi. Maneno yakichacha tunasema yamepita kiasi, na hapo ndipo moderator anapohitajika. Kiasi ni qiyas ya Kiarabu, na katika fikihi ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo iliyoenea katika pwani yetu, qiyas ni msingi wa nne wa sheria baada ya Kurani, Sunna na ijmai. Maana yake ni kulipima jambo jipya kwa jambo la zamani lililokwisha kuamuliwa, pale yanaposhirikiana sababu. Ndani ya neno moja, basi, zimo kazi zote mbili za moderator: kuzuia kisizidi, na kuamua lile ambalo kanuni haikulitaja.

Kwa sababu hiyo makala haya yanasimamia mtia kiasi.

Umbo lake si geni. Kiswahili kinaunda watendaji wa namna hii bila kumwomba mtu ruhusa: mpiga kura, mpiga picha, mtia saini. Siasa za Tanzania zimetuletea mtia nia, yule anayetaka kugombea, na msamiati huo ukaenea redioni na magazetini kwa kuwa watu waliuhitaji. Tarakilishi na ngamizi, kwa upande mwingine, zilitungwa kwa juhudi kubwa, na watu wakaendelea kusema kompyuta.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuliwasilisha pendekezo hili kwa wataalamu waliokuwa wakipanga istilahi za mawasiliano. Lilirudishwa kwa hoja kwamba ni maneno mawili, na istilahi bora ni neno moja. Hoja hiyo ikikubaliwa, barua pepe ifutwe leo. Mtaalamu mwingine aliandika kwamba kutia ni kuongeza, wakati moderator hupunguza, akatoa mfano wa kutia chumvi. Amesahau kutia adabu. Anayetiwa adabu haongezewi kitu. Anarudishwa kwenye mstari. Wapo pia wanaopigania msawazishi, ingawa mtu akisikia kusawazisha anafikiria bao la dakika ya mwisho, na wengine mkadiriaji, wakati wakadiriaji majenzi tayari wana bodi inayowasajili. Mratibu ana sifa, lakini anapanga ratiba. Hashughuliki na ulimi wa mtu.

Tuiangalie kazi yenyewe. Katika kundi la Waswahili wanaofanya kazi Doha, mtu aliyefika karibuni anauliza: "Jamani, naweza kuhama kampuni kabla mkataba haujaisha? Bosi anasema mpaka aniandikie barua." Jibu la kwanza: "Dada, umekuja juzi tu unataka kuruka? Soma mkataba wako, usituchoshe." La pili: "Bila barua ya mwajiri unarudishwa nyumbani." La tatu ni la wakala: "Nitafute inbox, mambo yote nakumalizia."

Majibu matatu, na kila moja lina ubaya wake. La kwanza ni dharau. La pili limepitwa na wakati, kwa kuwa Qatar iliondoa sharti la barua ya mwajiri mwaka 2020, na sasa mfanyakazi hutoa notisi ya mwezi mmoja kama amefanya kazi miaka miwili au pungufu, na ya miezi miwili kama amezidisha hapo. La tatu ni mtego wa pesa. Mdhibiti angelifunga kundi, na tangu mwaka 2018 WhatsApp imempa uwezo wa kuruhusu wasimamizi peke yao waandike. Mtia kiasi aliyepewa uwezo wa msimamizi anafuta tangazo la wakala, anamfuata pembeni aliyedharau na kumwambia, "Kaka, hapa hatujibizani hivyo," kisha anaandika sheria ilivyo chini ya jibu la pili bila kulifuta, ili wengine waliokuwa wakiamini hivyo nao wajue. Swali la dada limebaki, na limejibiwa.

Kisha linakuja jambo ambalo kanuni hailijui. Kundi limepiga marufuku matangazo ya biashara. Mwanachama anatuma namba ya kuchangia kusafirisha mwili wa marehemu hadi Kisumu. Je, hilo ni tangazo? Hapa ndipo kiasi kinapofanya kazi kwa maana yake ya pili. Sababu ya marufuku ilikuwa kuwakinga watu wasitapeliwe, kwa hiyo mchango unaruhusiwa mara watu wawili wanaoijua familia wakithibitisha. Msiba haukufungiwa mlango, wala tapeli hakufunguliwa.

Jina lina uzito mbele ya sheria pia. Februari 2022 Mahakama Kuu ya Kerala nchini India iliamua kwamba msimamizi wa kundi la WhatsApp hawezi kubebeshwa jinai kwa kile alichotuma mwanachama mwingine, kwa kuwa, kwa maoni ya mahakama hiyo, uwezo aliowazidi wengine ulikuwa wa kuongeza watu na kuwatoa. Mahakama ilisema hawezi kuuchuja ujumbe wa mwanachama. Ukimwandika mtu huyo mdhibiti katika kanuni za kundi, unakiri kwamba ana uwezo ambao mahakama hiyo iliona hana, na kumwachia mwendesha mashtaka wa nchi nyingine kazi nyepesi.

Kuna watu wanaoitwa moderator kwa Kiingereza ambao istilahi hii haiwafai, nao watajwe kwa haki. Ni wale vijana wa Nairobi waliokuwa wakipitia picha za mauaji na ukatili wa watoto kwa niaba ya Facebook, wakiwemo wageni waliotoka Afrika Kusini, Ethiopia, Uganda na kwingineko. Mmoja wao, Daniel Motaung, alifungua kesi mwaka 2022, wafanyakazi 184 wakafuata mwaka 2023, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema Meta, kampuni inayomiliki Facebook, inaweza kushtakiwa nchini humo. Hawakuongoza mazungumzo ya mtu yeyote, na kanuni walizozifuata ziliandikwa mbali nao. Kuwaita wadhibiti wa maudhui ni kuwavisha mamlaka ambayo hawakuwahi kuyaonja. Hao ni wachuja maudhui, na kuchuja ndiko kulikowaumiza.

Kwa matumizi: mtia kiasi, watia kiasi, kazi yake ni utiaji kiasi, mjadala hutiwa kiasi, na katika fizikia, kitia kiasi, ili grafiti irudishiwe jina lake. Admini abaki kuwa yule mwenye ufunguo wa kundi, anayeingiza watu na kuwatoa. Mtu mmoja anaweza kuzifanya kazi zote mbili, lakini kanuni zizitenganishe kwa sentensi mbili: "Admini ndiye anayepokea wanachama. Mtia kiasi ndiye anayeondoa ujumbe unaokiuka kanuni, na humweleza mwandishi wake sababu."