Serengeti Baada ya Sotoka

Wageni wanaoingia Serengeti huambiwa maneno yaleyale mwaka baada ya mwaka: hapa ndipo dunia ilipobaki kama ilivyoumbwa, mkono wa mtu haujafika, na nyumbu wanaovuka mto Mara leo wanafuata njia isiyobadilika tangu enzi na enzi. Maneno hayo yanapendeza masikioni, lakini hayaafikiani na historia ya mahali penyewe. Ushahidi wa kuyakanusha umo humohumo ndani ya nyika: katika umri wa migunga, katika hesabu za wanyama, na juu ya mawe ya Moru ambako ngao za Wamaasai, zilizochorwa kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, bado zinaonekana. Uwanda ni wa kale, hilo halina ubishi. Lakini namna majani, miti, moto, wanyama na watu wanavyogawana uwanda huo ni jambo changa, na sehemu kubwa yake ilijipanga upya baada ya mwaka 1963. Kilichoipanga ni ugonjwa wa ng'ombe uitwao sotoka; kwanza kwa kuja kwake, kisha kwa kuondoka.

Sotoka haikuwa ya huku. Iliingia pembe ya Afrika mwaka 1887 kupitia bandari ya Massawa, pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Waitalia. Kwa kuwa mifugo ya Afrika Mashariki haikuwa imewahi kuugusa ugonjwa huo, haikuwa na kinga yoyote. Ng'ombe aliyeambukizwa alipandwa na homa, macho yakatiririka machozi, midomo na ufizi vikaota vidonda, kisha akaanza kuharisha mfululizo, na ndani ya wiki moja au mbili akawa amekufa. Kufikia 1891 ugonjwa ulikuwa umeshapita katika nchi ya Wamaasai, na kufikia 1897 ulikuwa umefika ncha ya kusini ya bara. Mahali pengi walikufa ng'ombe tisa kati ya kumi. Nyati, nyumbu, twiga, pofu na ngiri waliteketea pia, maana sotoka ilishambulia wanyama wenye kwato zilizopasuka na haikuuliza nani ana mwenyewe na nani hana. Nyuma yake ilifuata njaa, na pamoja na njaa ndui. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892, aliandika kuhusu wanawake waliobaki mifupa na morani waliokosa nguvu hata za kusimama, nao walikuwa watu ambao miaka michache kabla wasafiri wa pwani waliwaogopa kuliko simba. Alikadiria kwamba theluthi mbili ya Wamaasai walikuwa wamekufa. Wenyewe kipindi hicho wanakiita Emutai, yaani kuangamia.

Hapa ndipo historia ya watu inapoingia ndani ya historia ya majani. Nyika yenye ng'ombe wengi na watu wengi ni nyika inayoliwa, inayochomwa kwa wakati wake, inayofyekwa kuni na miba ya maboma. Walipoondoka ng'ombe na watu, na walaji wa porini nao wakawa wamepungua, miche ya migunga ilikosa wa kuitafuna, na miti mingi ikapata nafasi ya kukua kwa wakati mmoja. Vichaka vikasogea mpaka kwenye malisho ya zamani na mashamba yaliyoachwa. Ndani ya vichaka akaja mbung'o, inzi anayehitaji vitu viwili tu ili astawi, kivuli cha kuzalia na damu ya kunywa. Mwanzoni mbung'o naye alipungua, kwa sababu wanyama waliomlisha walikuwa wamekufa. Lakini wanyamapori waliongezeka upesi kuliko mfugaji aliyebaki mikono mitupu alivyoweza kujenga upya zizi lake, na kila ng'ombe aliyerudishwa alikuta inzi amemtangulia. Mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulibainika Maswa, kusini magharibi mwa Serengeti. Charles Swynnerton, aliyeongoza kazi ya kupambana na mbung'o Tanganyika hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, alisimamia ufyekaji mkubwa wa vichaka Usukumani, na mmojawapo wa mbung'o wa maeneo haya bado anabeba jina lake katika vitabu vya sayansi. Kufikia miaka ya 1930 ilikadiriwa kwamba karibu theluthi mbili ya Tanganyika ilikuwa na mbung'o.

Maofisa wa Kijerumani, na baada yao wa Kiingereza, walifika nchi ikiwa katika hali hiyo. Waliona vichaka, mbung'o na watu wachache, wakaamini kwamba hiyo ndiyo Afrika ya asili. Hawakujua kwamba walikuwa wanatazama nyumba iliyofiwa. John Ford, aliyefanya kazi ya mbung'o kwa miongo kadhaa, aliliweka jambo hili wazi katika kitabu chake cha 1971: jamii za Afrika zilikuwa zimejifunza kuishi na inzi huyo kwa kumsukuma pembeni, kwa makazi yaliyokaribiana, kwa moto, na kwa kupitisha mifugo mahali fulani kwa msimu fulani, na majanga ya miaka ya 1890 ndiyo yaliyovunja mpango huo. Helge Kjekshus aliandika hoja inayofanana nayo kuhusu Tanzania mwaka 1977. Wapo waliomlaumu Kjekshus kwamba aliipaka rangi nzuri mno Afrika ya kabla ya ukoloni, na lawama hiyo ina haki yake. Vita, misafara ya watumwa na ukame vilikuwapo kabla ya sotoka. Lakini mtu hahitaji kuamini kwamba zamani ilikuwa pepo ili akubali kwamba nchi iliyopoteza ng'ombe wake karibu wote ndani ya miaka miwili ilibadilika sura.

Nusu ya pili ya habari hii ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi, kwa kuwa safari hii kulikuwa na watu wanaohesabu. Sotoka haikuondoka baada ya 1891. Iliendelea kujirudia kwa miaka sabini, ikiua hasa ndama wa nyumbu waliokaribia mwaka mmoja, ambao kinga waliyoipata katika maziwa ya mama ilikuwa imekwisha. Madaktari wengi wa mifugo wa kikoloni waliamini kwamba wanyamapori ndio ghala la ugonjwa, na kwamba ng'ombe anauchukua kutoka kwao. Kisha ikaja chanjo. Kuanzia miaka ya 1950 ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka Serengeti walichanjwa, na huko Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo mpya kwa kukuza virusi katika chembe za figo za ndama, chanjo rahisi na salama iliyokinga mnyama maisha yake yote. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano. Hata hivyo, ilipofika 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu. Ghala la ugonjwa lilikuwa zizini muda wote. Nyumbu, waliokadiriwa kuwa takribani 260,000 mwaka 1961, walipita milioni 1.3 kufikia 1977. Nyati nao waliongezeka mara kadhaa.

Kuna pingamizi la haki hapa. Miaka ya mwanzo ya 1970 mvua za kiangazi ziliongezeka Serengeti, na mvua ya kiangazi ndiyo inayoamua nyumbu wangapi watafika Novemba wakiwa hai. Huenda basi ni mvua iliyowazidisha, na chanjo imesifiwa bure? Jibu analitoa pundamilia. Pundamilia hula majani yaleyale, hunywa maji yaleyale, huwindwa na simba walewale, na hutembea njia ileile pamoja na nyumbu. Lakini kwato lake ni moja, halikupasuka, na sotoka haikumgusa. Kama mvua peke yake ingekuwa sababu, pundamilia angeongezeka pia. Hakuongezeka, idadi yake ilibaki karibu laki mbili muda wote huo. Tena nyumbu walianza kuongezeka kabla ya mvua hizo kuja. Mvua ilisaidia kuwafikisha juu ya milioni, na ukame wa 1993 ulionyesha kwamba bado ina uwezo wa kuwashusha. Lakini mlango ulifunguliwa na sindano iliyochomwa kwenye shingo ya ng'ombe. Ni nadra historia kutuachia kipimo safi namna hii, wanyama wawili jirani wanaotofautiana kwa jambo moja linalohusika.

Tazama sasa mdomo wa nyumbu, maana ndio uliofanya kazi iliyobaki. Ni mpana na umenyooka kwa mbele, umeumbwa kukata majani mafupi karibu na ardhi kama mtu anayenyoa. Pundamilia ana meno ya mbele juu na chini, humudu mashina marefu na makavu. Swala tomi ana mdomo mwembamba wa kuchagua chipukizi lililobaki chini. Zidisha mdomo ule wa nyumbu mara milioni moja na ushee, na hautabaki mrundo wa majani makavu wa kulisha moto. Katika miaka ya 1960 sehemu kubwa ya Serengeti iliungua kila mwaka. Nyumbu walipozidi moto ulipungua, na moto ulipopungua miche ya migunga, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiungua hadi shinani na kuchipua tena bila kupata urefu, ikafaulu kupita kimo cha ndimi za moto. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 miti ilirudi mahali pengi ilipokuwa imetoweka, na twiga wakapata chakula. Tembo huvunja miti, na wengine wameyaweka mabadiliko yote ya miti mgongoni mwa tembo, kuwapo kwake au kuwindwa kwake. Tembo wana sehemu yao, hasa kwa miti mikubwa. Lakini mche wa kimo cha goti haungojei tembo. Unangoja mwaka usio na moto.

Pingamizi kubwa zaidi ni la wale wanaosema kwamba yote haya ni mawimbi madogo juu ya bahari ya kale. Wanaonyesha Bonde la Olduvai, ambako mifupa ya wanyama wala nyasi wa jamii ya nyumbu imelala katika tabaka zenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja. Wanaonyesha pia udongo wa kusini mashariki, uliotokana na majivu ya volkano za Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, wenye madini ambayo nyumbu anayenyonyesha hawezi kuyakosa, na wenye gamba gumu chini linalozuia mizizi ya miti. Yote ni kweli. Majivu yale ndiyo yanayowavuta nyumbu kuja kuzaa Ndutu kati ya Januari na Machi, wengi wao ndani ya wiki tatu hivi, ndama akisimama kwa miguu yake dakika chache baada ya kuanguka. Hata hivyo, Olduvai hiyohiyo ina zana za mawe kando ya mifupa. Hakuna tabaka la miaka hiyo ambamo mnyama yupo na mtu hayupo kabisa. Anayetumia Olduvai kuthibitisha ukale wa nyumbu amethibitisha, kwa jembe lilelile, ukale wa mtu mahali pale.

Kosa hili la kuisoma nyika kana kwamba haikuwahi kuwa na watu lilizaa maamuzi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliundwa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka ilichorwa upya, Wamaasai wakahamishwa kutoka Moru na uwanda wa magharibi kwenda eneo jipya la Ngorongoro, na mwaka huohuo kitabu cha Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, aliyekufa Januari ndege yake ilipogongana na tai, kiliueleza ulimwengu kwamba Serengeti isife. Mapenzi yao kwa wanyama yalikuwa ya kweli, na bila hifadhi huenda nyika ile ingekuwa mashamba leo. Silipingi hilo. Ninachokipinga ni kuhesabiwa kwa mfugaji kama mgeni aliyeingia katika picha iliyokwisha kukamilika. Atakuwapo atakayesema kwamba watu wa sasa na mifugo ya sasa si wa 1880, wamezidi sana. Ni kweli wamezidi, na mipaka inahitajika. Lakini mpaka unaowekwa kwa kujua historia hauwi sawa na mpaka unaowekwa kwa kudhani kwamba historia haikuwapo.

Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ugonjwa wa pili katika historia kufutwa kabisa baada ya ndui. Lakini hesabu ya Ngorongoro haikufungwa siku hiyo. Ndama wa nyumbu hubeba kirusi kingine kisichomdhuru yeye, kinachotoka kwa kamasi na machozi, na ng'ombe akilisha pale walipozaliwa hupata homa isiyo na dawa akafa. Wamaasai waliujua ugonjwa huu na kuukwepa zamani sana kabla ya maabara. Nyumbu walipokuwa laki mbili na ushee, mchungaji aliweza kuzunguka na bado akapata majani mafupi ya masika, matamu kuliko yote. Walipopita milioni, uwanda wote ukawa wao kwa miezi ileile. Mfugaji aliyekubali ng'ombe wake achanjwe, na hivyo akamwokoa nyumbu bila kumgusa, alilazimika kupandisha mifugo yake milimani, kwenye baridi na majani marefu yenye kupe waletao ndigana kali. Hadi leo, nyumbu wanapoanza kuzaa Ndutu, ng'ombe wa Ngorongoro huswagwa kuelekea juu.