Bati la Maniema na safari ya simu iliyokufa

Fundi wa simu wa mji wa Kasongo, mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo, hatupi simu iliyokufa. Ikimshinda kuifufua, huing'oa kioo, spika na sehemu ya chaji, akazitia koponi. Kesho zitamponya mgonjwa mwingine. Mwisho hubaki ile bodi ya kijani, na hapo ndipo ufundi wake unapogota. Ndani ya bodi hiyo mna dhahabu, fedha, shaba na bati. Pengine bati lenyewe lilichimbwa humuhumu Maniema. Lakini yeye hana tanuri la kulitoa. Ana rafu, na nyuma ya kibanda ana shimo la taka.

Mji huu una mazoea ya kuona mali ikiondoka. Enzi za mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu zilikuwa pembe za ndovu, zikibebwa mabegani hadi pwani. Mwaka 1893 jeshi la Dola Huru la Kongo likauteka Kasongo, na baada ya pembe ikafuata zamu ya madini. Kampuni ya Symétain iliundwa 1932, ikajenga ufalme wake wa bati Kalima, kaskazini, huko Pangi. Mwaka 1976 kampuni za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa Sominki, nayo ikaporomoka wakati wa vita vya miaka ya 1990. Upande wa Kabambare kulikuwa na dhahabu ya Namoya, Salamabila. Kampuni ya Kanada, Banro, ilianza uzalishaji wa kibiashara hapo 2016, na miaka michache baadaye kazi ikasimama. Wachimbaji wadogo walikuwapo kabla yake, na wakabaki baada yake.

Bati lilikuwa na kazi nyingi, zikiwamo za makopo ya chakula. Leo kazi yake kubwa kuliko zote ni lehemu, ile gundi ya madini inayoshika vipande vya redio, televisheni na simu kwenye bodi. Lehemu ya zamani ilikuwa bati kama asilimia 63, iliyobaki risasi. Ulaya ikaona hatari: vyombo vibovu vikitupwa, risasi huingia kwenye udongo na maji. Kuanzia tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku risasi katika vyombo vingi vya elektroniki. Lehemu mpya ikawa bati zaidi ya asilimia 95. Viwanda vya dunia vikafuata, maana nani angetengeneza bidhaa ya namna mbili? Kufikia 2008 bei ya tani moja ya bati ilikuwa imepita dola 20,000. Sheria ya kusafisha majalala ya Ulaya ikawa miongoni mwa sababu za kuongezeka kwa njaa ya dunia ya kasiterite, jiwe la bati ambalo Maniema inalo.

Taka zenyewe, je, zilikwenda wapi? Mwaka 1988 mapipa ya sumu kutoka Italia yalifichuliwa katika kijiji cha Koko, Nigeria. Kashfa kama hiyo ndiyo iliyosukuma Mkataba wa Basel wa 1989, kisha ule wa Bamako wa 1991, ambamo nchi za Afrika zilikataa kupokea taka za hatari. Karatasini mlango ulifungwa. Dirisha likabaki wazi, jina lake mtumba: kompyuta mbovu ikiandikwa kuwa ni ya kutumika tena, huvuka bandari bila tabu. Guiyu nchini China na Agbogbloshie mjini Accra zikajulikana kwa vijana waliochoma nyaya ili wapate shaba.

Kuna mahali ambapo kazi hii ya kutoa madini kwenye taka hufanywa kwa tanuri, nako kuna jamaa wa zamani wa Wakongo. Katika kiwanda cha Hoboken, karibu na Antwerp, kampuni ya Umicore huyeyusha bodi kuukuu na kutoa humo dhahabu, fedha, shaba, paladi na bati. Umicore ilibadili jina 2001. Kabla ya hapo iliitwa Union Minière, mrithi wa ile iliyoundwa 1906 kuchimba shaba ya Katanga hadi Mobutu alipoitaifisha. Biashara yenyewe inalipa: tani moja ya simu inaweza kutoa gramu kama 300 za dhahabu, wakati tani ya mwamba wa Namoya hutoa gramu chache tu.

Koltani, jiwe jingine la huku, ina habari nyingine. Mwaka 2000 bei yake ilipaa, na vijana wa mashariki mwa Kongo wakaacha majembe ya shamba wakaingia mashimoni. Tantali inayotoka humo hukaa kwenye kijidude kidogo cha kutunza umeme ndani ya simu. Simu ikitiwa tanurini, tantali hiyo huishia kwenye mavi ya chuma, na ni chini ya asilimia 1 inayookolewa kutoka vyombo vilivyokwisha.

Karibu na nyumbani, Nairobi ina kituo cha kurejeleza taka za elektroniki, WEEE Centre, na Rwanda ina kiwanda cha kazi hiyo huko Bugesera. Ila si kila anayeyeyusha ni wa kuaminiwa. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kiliwatia sumu majirani zake. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi humo, alipigana hadi mahakama ikaamuru 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri hizo ni za ukoo mmoja na baadhi ya zile zinazowekwa nyumbani pamoja na paneli za jua.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki. Chini ya robo ndizo zilizorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Wafanyabiashara wanaoleta simu Maniema wanajua njia ya kuja. Mamlaka za mkoa zingewataka wajue na njia ya kurudi, na bodi za fundi wa Kasongo zikiwa ndani ya mzigo.